Bei ya Tatu ya Friza

Jumatatu, 8 Aprili 2019

Friza imekuja. Milango miwili, inang'aa kama gari la harusi. Nimeishusha mwenyewe, dereva kazi yake ilikuwa kushika mlango na kutoa ushauri. Katika wilaya nzima ya shule hakuna mwanaume mwenye mabega kama yangu stoo. Kweli stoo mwanaume ni mmoja, lakini hiyo si hoja.

Nikabandika kibandiko chake: imenunuliwa kwa fedha za serikali kuu, programu ya chakula cha watoto. Bosi wangu Bi Lavonne akasema, "Nyoosha, Colt. Kile cha mashine ya viazi utadhani ulikirusha ukiwa mlangoni." Nikamwambia ile ni sanaa. Akacheka. Ukimtoa dereva, ndiye mtu wa kwanza kuongea nami tangu Ijumaa.

Jumanne, 9 Aprili

Barua. Mkaguzi wa jimbo anakuja Alhamisi kuangalia kila kilichonunuliwa kwa fedha za Washington. Bi Lavonne amekunywa vidonge vya tumbo viwili kwa mpigo. Kabakiza miezi kumi na nane astaafu.

Nimemwambia atulie, simu za bei napiga mimi. Kitu kikubwa hakinunuliwi mpaka upate bei tatu kwa wauzaji watatu, uandike jina na siku uliyoongea nao. Darasa la kumi na moja lilinishinda, lakini kwenye simu sina mpinzani.

Wa Fargo anajibu kama anakimbizwa. Wa Bismarck anasema tuma barua pepe. Wa tatu ni Mzee Orval Stenerud, ana duka la vyombo vya jikoni maili tisini kutoka hapa. Hajawahi kushinda hata mara moja. Bei zake ziko juu siku zote, naye anajua, nami najua. Nampigia kwa sababu anaongea. Anauliza nimekula nini. Tuliwahi kumaliza nusu saa kwenye bei ya tosta.

Sasa hii friza. Nilimpigia mara nne, simu ikalia tu. Siku ya fomu ikafika. Bei nikaiandika mwenyewe — namjua mzee, angesema hivyo hivyo. Na senti tisini mwishoni, kama bei zake zote. Nikaandika tumeongea tarehe 14 Machi. Bi Lavonne akatia sahihi kwamba amehakikisha.

Basi. Nalala.

Alhamisi, 11 Aprili

Mkaguzi anaitwa Bi Vollmer. Kaja na chupa yake ya chai, kakaa kwenye meza ya watoto wa chekechea, magoti karibu na kidevu. Bi Lavonne akamletea kahawa.

"Asante, siruhusiwi kupokea kitu."

"Ni kahawa, mama, si ng'ombe."

Hakuipokea. Friza akaipenda, kibandiko akakipiga picha. Halafu faili.

"Hii bei ya tatu. Uliongea na mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Alikuwaje?"

"Mzima. Anakohoa kidogo tu." Nani alinituma kuongeza kikohozi!

Akapiga namba iliyo kwenye fomu. Haitumiki. Akaandika kitu. Akafungua kompyuta yake, akasoma, akaigeuza tuone. Tangazo la mazishi, lenye picha. Miaka yote hiyo sikujua kwamba ana masharubu.

"Bwana Brekke, huyu alifariki tarehe 27 Februari."

Hakuna aliyewahi kuniita Bwana. Nilitaka kuuliza amekufaje. Lakini si swali la mtu aliyeongea naye katikati ya Machi.

Ametupa mpaka Jumatatu mchana: tulete maandishi ya duka yanayoonyesha bei ilitolewa kweli. Tusipoleta, wilaya itarudisha fedha zote za friza, na sahihi ya Bi Lavonne itajadiliwa na bodi.

Alipoondoka Bi Lavonne akaniuliza, "Uliongea na nani, Colt?"

"Na mtu wa dukani."

Akaniangalia mpaka nikaanza kupanga katoni zilizokuwa zimeshapangwa. "Basi kamtafute huyo mtu, mwanangu."

Ijumaa, 12 Aprili

Theluji. Shule imefungwa. Sijafungua mdomo ila kula.

Tangazo linasema wamemzika tarehe 4 Machi, kahawa kanisani baadaye. Ameacha binti mmoja, Janelle. Siku hiyo mimi nilikuwa nagombana na katoni za maziwa. Nani angeniambia? Kwao mimi ni sauti tu.

Jumamosi, 13 Aprili

Naandika nikiwa ndani ya gari, mbele ya duka la mzee. Injini inawaka kwa ajili ya joto.

Maili tisini nikitunga la kusema. Mlango ukafunguliwa na mama wa makamo aliyevaa buti za kiume. Nikasema natoka shule, naitwa Colt. Yote niliyotunga yakaniruka.

"Colt wa tosta?"

"Ndiyo, mama."

"Nilikuwa nikimwambia baba, huyo kijana wako hanunui kitu. Ananiambia, lakini anapiga."

Akanivutia kiti, na hapo nikamwambia yote. Friza, 14 Machi, hata kikohozi. Hakunikaripia. Akashusha orodha ya bei za mzee, akatafuta kwa kidole.

"Bei yake umeikosa kwa dola kumi na moja tu."

Halafu akatoa kitabu cha karatasi zenye jina la duka juu, akaandika: friza, milango miwili, bei. Herufi kama za baba yake, anasema.

"Mwezi wa tatu mimi ndiye niliyekuwa nashinda hapa nikifungasha. Simu nilikuwa naiacha ilie, sikuwa na nguvu ya kumwambia mtu. Lakini nani atajua kwamba sikupokea? Haya, niandike tarehe ngapi?"

Nikasema ngoja nichukue glavu garini.

Glavu ziko mfukoni. Bi Lavonne amepiga mara mbili, sijapokea. Nikitaja ya leo, karatasi haina kazi, na Bi Lavonne itabidi nimwambie ukweli mwenyewe, tena kabla ya Jumatatu. Nikitaja 14 Machi, huyu mama atakuwa amedanganya serikali kwa jina la duka la baba yake, kwa ajili ya mtu aliyemjua kwa nusu saa.

Dakika kumi sasa. Namwona dirishani, kalamu bado anayo. Amemimina vikombe viwili. Kimoja amekiinua, ananionyesha kwamba kahawa inapoa.