Msomaji Wangu wa Sosiot

Sosiot,
Jumapili jioni

Mpendwa nyamera Amondi, dada yangu mdogo,

Natumaini goti limekuruhusu kwenda kanisani leo, na kwamba shemeji Owino bado anakula vizuri. Huku mvua imetukubali na majani ya chai yanachumwa kila siku. Mimi sijambo kwa kusema tu. Daktari ameniambia wazi kwamba moyo umechoka na hautangoja sana. Usilie. Nimeishi.

Acha nikupe habari za mjukuu wetu Rebeccah, binti wa mwanangu Calvince. Alikuwa hataki kabisa kusoma kwa sauti, kwa sababu darasani walimwita Redio Mbovu. Mwalimu wake, Dorcus, hakumlazimisha. Alileta katoni ya vitabu vya hadithi, akaketi sakafuni na watoto, akasema kila mmoja achague anachopenda akalale nacho nyumbani. Nilifundisha hadi kustaafu, Amondi, na sijaona mwalimu kama huyo.

Na mkaza mwanangu Rodah, je? Anarudi kutoka kituo cha kuuzia majani mgongo ukimuuma, na bado akikama ng'ombe anataka kusimuliwa yule mbuzi wa kitabuni amefika wapi. Mtoto akisema mbuzi amepanda lori na amekataa kushuka, Rodah anacheka hadi ng'ombe anageuka, anasema huyo mbuzi ni Calvince mtupu. Calvince hulalamika kwamba katika boma lake hata mbuzi wa karatasi wanamsengenya.

Nilipopasuliwa jicho la kulia, lile pekee lililokuwa limebaki, nilirudi nyumbani na bandeji. Rebeccah akaja kukaa kitandani kwangu na kitabu. Akauliza kama kweli sioni hata kidogo. Nikasema sioni. Basi akasoma! Alikwama, akarudi nyuma, akabuni maneno, akaendelea bila aibu, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumfuata kwa macho. Siku hizi anasoma mbele ya darasa zima. Wakimshangilia, huwaambia kwamba hiyo ni kazi yake, Dani wake, yaani mimi bibi yake, anamtegemea.

Sasa nasikia Calvince amekuomba uje unisindikize nikapasuliwe tena. Ndiyo maana nakuandikia. Tazama mwandiko huu, Amondi. Ni wangu mwenyewe.

Bandeji ilipotolewa niliona kila kitu, hata vumbi juu ya kabati. Rebeccah alikuwa mlangoni na kitabu kipya, akaniuliza kama sasa nitakuwa nikijisomea. Nikajibu kwamba naona vivuli tu. Tangu siku hiyo nimewadanganya wote. Kila jioni naona mistari anayoiruka, nanyamaza. Maishani mwangu sijasomewa vizuri hivyo.

Juzi nilimsikia akimuuliza baba yake, Dani akipona macho, yeye atamsomea nani. Calvince akamwambia akafungie kuku. Nami nikajiuliza nikifa atamsomea nani, maana sitapona moyo.

Calvince na Rodah nitawaambia ukweli kesho, wasihangaike na hospitali. Mtoto asijue. Wewe njoo tukae pamoja siku zilizobaki. Na nikishaondoka, Rebeccah akikujia na kitabu mkononi, mwambie miwani yako ilibaki kwako Ahero.

Wasalimie wote wa hapo nyumbani, na majirani wanaoniulizia.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Jerusa