Gari la Hamisi kwenye Ukurasa Wangu

Jumapili, Butembo, mashariki mwa Kongo. Mvua inanyesha tangu alfajiri, na moyo wangu ni mzito kama udongo wa barabarani.

Jana niliandika hapa kwenye blogu yangu juu ya watu waliouawa na waasi wa porini katika njia ya Beni. Chini ya maandishi yangu, mtu asiyejitaja jina akabandika picha ya gari la Hamisi, jirani yangu anayeleta mchele kutoka Kasindi. Akaongeza: huyu ndiye analisha watu wa pori.

Kwetu, maneno hayo yanatosha mtu kuchomwa moto akiwa hai.

Leo baada ya ibada Hamisi alikuja kwangu. "Mwalimu, gari yangu sasa inajulikana kupita ya gouverneur wa jimbo," alisema bila kucheka. "Ile blogu ni ya nani?"

Kwa mazoea ya darasani, nikaanza kueleza ni nani hujibu kwa maneno ya mtandaoni. Amerika, mwenye tovuti kwa kawaida hajibu kwa alichoandika mgeni wake. Ulaya, akishaonywa kwamba neno linavunja sheria, lazima aliondoe upesi, la sivyo ataadhibiwa. Uganda, serikali imewahi kufunga mtandao mzima, mwema na mwovu pamoja. Kwetu sheria ipo, lakini umati hufika kabla ya hakimu.

Chai niliyomwekea ilipoa.

"Donc, kwa hiyo, Mwalimu, Amerika nakufa leo, Ulaya nakufa kesho?"

Nilifuta picha ile mbele ya macho yake, lakini tayari ilikuwa inazunguka katika simu za watu sokoni.

Katika kanisa letu, anayeleta tangazo husimama kando ya msomaji mpaka lisomwe lote. Waumini wanauona uso wake. Likiwa la uongo, wanajua wa kumuuliza. Asipokuja, halisomwi. Nimeiona desturi hiyo tangu utoto, wala sikuwahi kuiita sheria.

Basi kuanzia leo hakuna maoni hapa bila jina, na nitayasoma mimi kwanza. Na hili ni tangazo langu: gari la Hamisi hubeba mchele tunaoula sote.

Kesho lazima apite Beni. Mzigo wake unangoja forodhani Kasindi. Nimemwomba nafasi mbele, kando yake.

Alitikisa kichwa. "Uko muzee, Mwalimu. Ile njia itakuvunja mugongo."

Koti langu nimeshalitundika karibu na mlango.