Vidole Viwili Kutoka Bomba la Breki

Jumatatu, 3 Juni

Mabomba yamefika. Mdogo wangu wa kike ameyaleta gereji mwenyewe baada ya vipindi, chaki bado mkononi, ameyakumbatia kama mtoto mchanga. Mabomba manne ya ekzosi, yanang'aa, yamejipinda kila moja kivyake kisha yanakutana mdomo mmoja. Anasema ekzosi iliyotoka na gari kiwandani inaikaba injini, hii itaiacha ipumue. Mwalimu wa hesabu, miaka arobaini na mmoja, ana gari jekundu la viti viwili na amejiandikisha mashindano ya kupanda mlima tarehe kumi na sita. Wenzake wa rika lake wanajiandikisha kwaya.

Nikamwambia, Mwalimu, mimi ni fundi wa pikapu na malori. Akasema, Kaka, injini ni injini. Maneno yangu mwenyewe hayo, sijui nilimwambia lini. Nimekubali. Na nikiri, nilifurahi. Tangu nianze kazi hii hakuna aliyewahi kuniletea kitu kinachong'aa.

Ndani ya boksi kulikuwa na karatasi ya maelezo. Nimeifutia mikono, nikairudisha. Miaka ishirini na saba sijasoma karatasi ya spea, nianze leo?

Jumatano, 5 Juni

Boliti mbili za ekzosi ya zamani zimekatikia ndani ya injini. Nimezitoboa taratibu, pumzi nimeishika. Zimetoka. Kiuno ndicho hakijatoka — nimeinamia injini saa nne, sasa natembea kama alama ya kuuliza.

Alhamisi, 6 Juni

Hayaingii.

Nimejaribu kutoka juu. Nimejaribu kutoka chini, mgongo sakafuni, mafuta yananidondokea sikioni. Bomba la tatu linagonga chuma cha usukani, kile kinachoshuka kutoka kwa dereva kwenda magurudumuni. Fundi mwingine angeyarudisha yalikotoka. Gereji yangu haina desturi hiyo. Ndiyo sifa yetu hapa mtaani: kilichogoma kwa wengine, kwangu huingia.

Basi nikawasha gesi. Nikalipasha bomba la tatu mpaka likawa jekundu, nikalipiga nyundo. Likabonyea, kama shimo la kijiko kwenye ugali wa jana. Likapita. Usukani unazunguka bila kugusa kitu. Nilijisikia mwanaume wa maana kwa muda wa dakika tano hivi.

Dakika ya sita nikaliona bomba la breki. Lile jembamba, linalobeba mafuta ya breki kwenda mbele. Sasa limekuwa jirani wa bomba la tatu. Nikalisukuma kwa mkono, likasogea kidogo. Nikapima. Vidole viwili. Vidole vyangu ni vinene, nikajiambia. Bati la kukinga joto lililokuwa katikati yao halikupata nafasi tena. Nimeliweka juu ya kabati.

Akapiga simu kutoka shuleni. Kaka, yameingia? Nikasema, yameingia kama kidole puani. Akacheka, na nyuma yake nikasikia walimu wenzake wakicheka. Sasa nimwambie nini?

Jumamosi, 8 Juni

Tumelipeleka gari kwa Daktari. Tunamwita hivyo kwa sababu anachomeka nyaya garini, anatazama kompyuta yake, kisha anatikisa kichwa hata mgonjwa akiwa mzima. Gari linapandishwa juu ya mapipa ya chuma yanayozunguka, linakimbia papo hapo bila kwenda popote, naye anairekebishia injini petroli na moto kwa kubonyeza vidude. Kazi safi kabisa. Shati lake jeupe tangu asubuhi mpaka jioni. Namwonea wivu.

Mwalimu mwenyewe alikaa kwenye usukani. Liliingia na nguvu za farasi mia na sitini na mbili, likafika mia na themanini. Alipoona namba akapiga makofi kama mwanafunzi wake.

Halafu Daktari akazima taa za karakana. Anataka kuona rangi ya mabomba injini ikifanya kazi kweli. Akamwambia Mwalimu akanyage, tena, tena. Tukainama mimi na Daktari kwenye boneti. Mabomba matatu yalikuwa mekundu hafifu. La tatu, pale nilipolipiga nyundo, lilikuwa kaa la moto. Na kando yake, jembamba, limekaa kimya kama mtu asiyejua anachosubiri, bomba la breki.

Nikakumbuka lile bati juu ya kabati.

Daktari alikuwa anatafuta kitu ndani ya boksi la mabomba, akakuta karatasi yangu ya kufutia mikono. Akaikunjua. Akanivuta pembeni, akasema taratibu, Mzee, haya yametengenezewa gari lenye usukani kushoto. La dada ni kulia. Nikasema najua. Sikujua. Akauliza, bomba la breki umelihamisha? Nikasema nimelihamisha. Akanitazama. Nimehamisha bomba la breki kama mtu anayehamisha kiti ili mwenzake apite.

Jumatatu, 10 Juni

Leo nimelichukua gari peke yangu. Nikamwambia Mwalimu nalisikiliza. Nimepanda ule mlima wa barabara ya machimbo mara tatu mfululizo, injini nikiikamua. Gari linakwenda, sitadanganya daftari. Nywele zangu chache zilisimama zote.

Mara ya tatu, wakati wa kushuka, nikakanyaga breki. Pedali ikazama. Haikuzama moja kwa moja, ilikwenda chini laini, kama kukanyaga mkate. Nikakanyaga mara ya pili, ya tatu, ikashika. Nikaegesha pembeni. Nikakaa nusu saa. Injini ilipopoa nikakanyaga tena. Ngumu kama jiwe. Ungemleta fundi yeyote pale angesema breki ni nzima.

Ninajua ni nini. Mafuta ya breki yanachemka, yanatoa mapovu, na mapovu hayasukumi kitu. Wanafunzi wa ufundi wanafundishwa hilo wiki ya kwanza.

Jumanne, 11 Juni

Nimebadilisha mafuta ya breki yote, nimeweka yale ya kuhimili moto. Bomba nimelizungushia kitambaa cha kukinga joto, nimelifunga kama kidonda. Nikapanda machimbo. Safari hii imezama mara ya nne badala ya ya tatu. Hayo ndiyo maendeleo.

Dawa yake ni moja tu. Kushusha mabomba yote, kutengeneza bomba jipya la breki linalopita mbali, kutafuta bati. Wiki nzima. Na kumwambia Mwalimu kwamba sikusoma karatasi, kwamba mashindano aliyojiandalia tangu mwaka jana ayasahau. Kesho nitamwambia.

Jumatano, 12 Juni

Sijamwambia.

Mke wangu amenitazama mezani, akasema, Baba, unatafuna tangu saa ngapi? Meza basi. Nikasema jino. Akasema, jino gani, yote umeshayang'oa. Huyu mwanamke hajawahi kunihurumia hata siku moja, na leo nilitamani asiache kunichokoza. Alipoinuka kutoa vyombo, nikabaki natafuna.

Ijumaa, 14 Juni

Niandike hili kama lilivyotokea, maana nikilikumbuka baadaye nitalipaka rangi.

Mwalimu alilichukua gari jana kujizoeza. Leo kaja gereji na mchezo wake wa kawaida, ananiita bingwa, ananiuliza kama nimeshaandaa ukuta wa kutundika picha yake. Kisha akasema, kama mtu anayekumbuka kitu kidogo:

"Kaka, jana nikishuka pedali iliingia ndani kidogo. Nikakanyaga mara mbili ikarudi. Ni kawaida?"

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi kabisa. Hata hodi sikuhitaji kupiga. Mafundi wenzangu walikuwa wamekaa wanasikiliza. Yule fundi wa rangi alikuwa ametoka kuwasimulia jinsi nilivyoyaingiza mabomba yaliyogoma.

Nikasema, "Kawaida. Ndiyo tabia ya magari haya. Ukanyage mara mbili."

Akasema haya, akaniomba spana ya kukaza kioo, akaondoka.

Nimekaa na hilo neno mchana kutwa. Kawaida. Nilimfundisha mimi kuendesha baiskeli. Kila nilipoachia kiti kwa nyuma nilikuwa nasema nimekushika, nimekushika, naye alikuwa anaamini mpaka ajikute mitaroni. Bado anaamini.

Jumamosi, 15 Juni

Ukaguzi wa magari ulikuwa uwanjani, chini ya mlima. Nilikwenda na tumaini moja la aibu: mkaguzi alione. Yeye aseme, si mimi. Mtu mzima, ndevu zimeshaanza mvi, ninaomba mtu mwingine aje aniumbue.

Mkaguzi ni mama mmoja mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba. Alinipa moyo alipomrudisha kijana wa gari la bluu kwa sababu ya tairi. Kwetu akavuta mikanda ya kiti, akapima kofia ya dereva, akabonyeza pedali ya breki — imepoa, ngumu kama jiwe. Akafungua boneti. Nikasogea. Nikaweka hata kidole karibu na bomba la breki, nikajifanya nafuta vumbi. Akasema, mabomba mazuri haya, nani kafunga? Mwalimu akasema, kaka yangu. Kwa sauti ile ya kumtambulisha mtu mkubwa.

Kuna fomu. Kila gari lililobadilishwa, fundi aliyefanya kazi anaweka sahihi kwamba liko salama. Nikaambiwa hapa, na hapa. Kalamu iligoma kuandika, nikapata nafuu. Mkaguzi akanipa ya kwake.

Nimeweka sahihi.

Jumapili, 16 Juni

Naandika nimekaa juu ya tairi, chini ya mlima, karibu na kamba ya kuzuia watazamaji. Mikono inahitaji kazi.

Gari namba kumi na moja, la Mwalimu, limepanda. Niseme kwanza kwamba alipanda vizuri kuliko nilivyowahi kuona mtu akipanda. Kona ya pili watu walisimama. Wa tatu kwa muda mpaka sasa, mwalimu wa hesabu, mbele ya vijana wenye magari yenye mabawa. Mke wangu ananipiga mgongoni, anasema, wifi yangu huyo, mnamwona? Watu wanakuja kunipa mkono. Fundi, hongera. Natoa mkono, macho yako mlimani.

Kupanda hakukuwa kitu. Anayepanda, mlima wenyewe unamsaidia kusimama. Utaratibu wao ni huu: wote wakishapanda, magari yanashuka kwa mstari, polepole, injini zimewaka, mguu kwenye breki njia nzima. Hakuna upepo wa kupoza kitu. Kilomita tano, upande mmoja mwamba, upande mwingine mawe yaliyopakwa chokaa na baada ya mawe hakuna kitu.

Nilimpigia simu Mwalimu. Simu yake ikalia mfukoni mwangu. Aliniachia nimshikie.

Nikamfuata mwenye redio ya mawasiliano. Yuko kwenye kiti cha plastiki na mwavuli. Nikamwambia gari namba kumi na moja lisishuke. Akauliza kwa nini. Nikasema breki zake zina hitilafu. Akauliza nani anasema. Nikasema fundi wake. Sikusema mimi. Hata hapo, jamani, nilimtafuta mtu mwingine wa kumsukumia.

Akapeleka ujumbe juu. Redio inasikika mpaka kwenye viti vya watu, kila neno. Jibu likaja na mikwaruzo: "Dereva anasema haiwezekani. Anasema fundi wake ni kaka yake, na alimuuliza juzi, akamwambia ni kawaida. Anasema huenda ni hila ya washindani. Tunaendelea na kushuka."

Watu wakacheka. Wengine wakapiga makofi. Mke wangu hakucheka. Amegeuka, ananitazama, na ule utani wake wote wa mezani umemwisha usoni.

Nikamwambia mwenye redio, fundi ni mimi. Akanitazama kuanzia viatu. Akasema, basi sema mwenyewe, maana mimi hawaniamini. Bonyeza hapa, subiri kidogo, ndipo uongee. Sauti itasikika kote, ujue.

Nikabonyeza. Nikasema jina lake la utotoni, lile la nyumbani ambalo shuleni kwake halijulikani. Nikasema, mimi Kaka. Nikasema, juzi nilikudanganya.

Nikaachia kidude.

Mwenye redio anasema mwenzake wa juu alikuwa ameshaondoka kwa dereva, huenda dereva hakusikia. Wanamfuatilia kwenye mstari. Magari manne yameshaanza kushuka, hawajui kama lake ni mojawapo. Ameniambia nisubiri hapa, nisisogee. Mke wangu amekuja, amesimama nyuma yangu, ameniwekea mkono begani.

La kwanza limetokeza kwenye kona ya juu. Jeupe.

La pili, la kijani.

La tatu siwezi kuona kama ni jekundu, jua liko nyuma yake.