Mke Wangu Hafeli

Mdogo wangu,

Huku paa limezibwa, na paka amezalia kabatini. Sasa tugombane.

Ripoti ya utafiti wenu imefika. Eti Mama "anaendelea vizuri". Nchi sita, maprofesa lukuki, wewe mwenyewe ukiwa mmoja wao, na hakuna aliyejiuliza kwa nini mtu aliyepigwa na kiharusi anazidi kukumbuka kila mkipima! Mpimaji wenu huja na maneno yale yale matano: kiti, mvua, nyundo, ndizi, kengele. Baba, mwalimu hata baada ya kustaafu, amemkaririsha kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilipomfokea alinijibu, "Mke wangu hafeli mbele ya wageni!" Kisha akalia.

Kwa alama hizo kliniki ya kumbukumbu imemkataa. Wanasema hana ugonjwa. Juzi alifungua gesi, hakuwasha kiberiti, akaenda kulala.

Nimewatukana mawaziri magazetini bila kutetemeka, lakini daktari akinionyesha karatasi yenu, namshika Mama mkono tunarudi nyumbani. Waambie wenzako wampime upya, kwa maneno mengine. Baba ataaibika, na aaibike. Nakupigia magoti, mdogo wangu.

Leo nilikuwa namchana nywele. Akanishika mkono, akauliza kwa upole, "Binti, wewe una mama?"

Nikasema ninaye.

"Basi nenda nyumbani, mwanangu. Asije akawa anakungoja."

Dada yako