Nyapara Anayesema na Miti

Jumatatu, 5 Juni 1911

Baridi. Mlima Meru haujaonekana tangu asubuhi. Bwana, Mdachi mwenye shamba, anataka nyapara mpya wa palizi ya kahawa — awe amesoma. Mimi karani wake nikamtaja Solomoni, kijana wa misheni, anayejua kusoma na Kiswahili. Bwana akakubali papo hapo, akamvika kofia. Kijana kafurahi mno! Nikaona kazi yangu imekwisha, nikaenda kunywa chai.

Jumanne, 6 Juni

Haijaisha! Solomoni kasema anzeni — hakuna aliyeinama. Wapaliliaji, wazee wa Kiarusha, wamekalia majembe, wananusa ugoro. Nikamwuliza Lomayani, mkubwa wao, kulikoni. Akajibu kwa upole kwamba huyo ni rika la watoto wao, na babake mwenyewe yumo kundini. Haiwezekani wapokee amri kinywani mwake. Afadhali wapigwe.

Mimi mtu wa Pangani, mambo ya rika nitayajulia wapi? Bwana naye hataki kusikia. Palizi isipoisha Jumamosi, viboko hamsa ishirini, yaani ishirini na tano, mbele ya wote. Si kwa wazee — kwa Solomoni.

Jumatano, 7 Juni

Hakuna kazi. Solomoni hakula. Kaniuliza, "Karani, nimrudishie Bwana kofia?" Nikamwambia akirudisha atapigwa leo badala ya Jumamosi. Sikupenda nilivyosema.

Alhamisi, 8 Juni

Ajabu! Wanalima. Solomoni anawapa wazee mgongo, anauambia mti wa kahawa kwa Kimaasai, lugha ya wazee hao: wewe, leo utapaliliwa mpaka mferejini. Wazee wanajifanya wamesikia kwa bahati tu, wanainuka. Lomayani ndiye aliyebuni hila hii — anasema miti haina rika. Nimecheka mpaka machozi. Babake Solomoni alipalilia bila kuinua uso, na mstari wake ndio uliokuwa safi kuliko yote.

Ijumaa, 9 Juni

Nimekosa swala. Bwana alipita shambani ghafla, juu ya farasi, akamkuta Solomoni anauhutubia mti. Akauliza kama kalewa au kapagawa. Kijana akavua kofia. Wazee wakaweka majembe chini. Bwana hajui Kimaasai, mimi nakielewa, kwa hiyo mimi ndiye wa kujibu: Bwana akimaliza kula, nimweleze mbele ya wote, kwa Kiswahili, ambacho wazee nao wanakisikia, Solomoni alikuwa anasema na nani.

Nikisema anasema na miti — ni mwendawazimu, na kiboko hakitangoja Jumamosi. Nikisema anasema na wazee, nimetangaza hadharani kwamba wazee wanaamriwa na mtoto. Hawatashika jembe tena, na Jumamosi ni kesho! Naona huruma, na naona hasira pia. Mimi ndiye niliyemtaja.

Naandika dirishani. Kiboko kiko mezani kwa Bwana, kando ya sahani yake. Wazee wamekaa uani, Lomayani ananitazama mimi tu. Solomoni kashika kofia mkononi. Babake kainuka, peke yake, kaenda kusimama karibu na mwanawe.

Bwana kamaliza kula, anafuta mdomo.