KIKAO CHA MAJIRANI KUHUSU JENERETA LA MAMA DAMARI, UYOLE

Tarehe: Jumamosi, 6 Septemba 2025, saa 9:30 alasiri
Mahali: Uani kwa Mama Damari
Waliohudhuria: Masunga (Mwenyekiti), Verediana (Katibu), Joachim, Helena (binti wa Mama Damari), Ezron (fundi umeme, mwalikwa)
Hakuhudhuria: Sedekia (yuko msibani Iringa)

KUMB. NA. 1/4/2025: KUFUNGUA
Mwenyekiti alimshukuru Ezekiel, mtoto wa Mama Damari aliyeko Makongolosi, kwa kuahidi jenereta, maana mama anapumua kwa mashine ya oksijeni na umeme wetu hauna adabu. Ezekiel anasubiri kuambiwa ukubwa tu.

KUMB. NA. 2/4/2025: YATOKANAYO
Fundi alikumbusha kwamba aliomba aandikiwe "mzigo wote wa nyumba", yaani vifaa vinavyotumia umeme. Mwenyekiti, aliyepewa kazi hiyo, alileta orodha ya magunia sita ya mpunga, makabati mawili na Mama Damari mwenyewe, kilo 52. Alijitetea kwamba kwao Wasukuma waliohamia Usangu na ng'ombe, "ukiulizwa mzigo, ujue mnahama." Aliomba jambo hili lisiandikwe. Limeandikwa.

KUMB. NA. 3/4/2025: UKUBWA
Fundi alihesabu upya: mashine wati 350, friji 150, taa 40. Alifafanua kwamba friji likianza kuwaka huvuta hata mara nne ya hapo, kwa hiyo KVA 2.5 inatosha na nafasi inabaki, mradi pasi na jagi la umeme visichomekwe. Joachim alipinga, akitaka KVA 6.5, "tusije tukajuta."

Helena aliuliza ni nani atavuta kamba ya kuwasha dude hilo, kwa kuwa mara nyingi yuko peke yake na mama. Joachim alijibu kwamba yeye ni jirani, aitwe. Helena alieleza kwamba Jumapili iliyopita Joachim aliitwa mara tatu, akawa kwenye mpira. Katibu alithibitisha.

KUMB. NA. 4/4/2025: UMEME KUKATIKA
Saa 10:40 umeme ulikatika, mashine ndani ikaanza kupiga kelele. Fundi alikuwa ameazima jenereta la kanisani, KVA 2.5, la kuonyeshea wajumbe. Lilikuwa nyuma ya jiko, mbali na madirisha kwa sababu ya moshi, na waya ulishafika chumbani. Fundi alikimbilia ndani kuhamisha plagi za mashine, friji na taa. Helena alivuta kamba, halikuwaka. Wajumbe wote walisimama. Alivuta tena, likawaka. Mashine ilirudi kazini, friji nalo likaanza, na taa hazikufifia.

Joachim aliondoa hoja yake bila kuombwa, na alimwomba Helena radhi kuhusu Jumapili. Iliazimiwa Ezekiel anunue KVA 2.5. Wajumbe walimshukuru fundi kwa moyo wote.

Ndipo Mama Damari aliposikika kutoka chumbani: "Ndaga fijo, wanangu. Asanteni sana. Haya, endeleeni na kikao."

KUMB. NA. 5/4/2025: KUFUNGA
Kikao hakikuweza kuendelea, kwa kuwa Mwenyekiti alikuwa analia, na Katibu pia. Kilifungwa saa 10:55 jioni.

Masunga, Mwenyekiti: ....................
Verediana, Katibu: ....................