Drafti Mbele ya Duka la Mzee Bakari

Jumatatu, 3 Machi
Drafti tena, kwenye benchi la nje ya duka la Mzee Bakari. Nimefungwa mara mbili. Daktari alisema kichwa changu kimeanza kusahau kupita umri wangu, nikipe kazi: michezo, kuimba, kukaa na watu. Hakusema nikabanane na wanaume sokoni. Hilo nimeamua mwenyewe. Siku za mwanzo walicheka. Sasa wananisogezea nafasi.

Jumatano, 5 Machi
Katikati ya mchezo sikujua zamu ya nani. Wala vizibo vipi ni kete zangu. Mzee Bakari akangoja. Heri angecheka.

Jioni mwanangu Elia kapiga simu kutoka Arusha. Mdogo wangu Nakijwa, ninayeishi naye, kamwambia niliacha jiko la gesi linawaka. Anakuja Jumamosi kunichukua. "Utapumzika, mama. Kuna televisheni." Nakijwa sijamsemesha.

Alhamisi, 6 Machi
Sikutoka. Nakijwa analia jikoni. Anasema anaogopa moto. Na mimi naogopa. Sikumwambia.

Ijumaa, 7 Machi
Nimepotea. Kutoka sokoni kwenda nyumbani, njia ninayopita tangu niolewe. Milima naiona, lakini sikujua niielekee au niipe mgongo. Upepo, vumbi. Mama wa Kimasai anayeuza maziwa akaniuliza, "Mama, unamsubiri nani?" Nikasema mwanangu. Uongo. Nikakaa kando yake mpaka njia ikanirudia.

Elia akijua hili, nimekwisha.

Jumamosi, 8 Machi
Elia alinikuta kwenye benchi. Nimebanwa vibaya, kete zangu chache. Akasimama nyuma yangu, ufunguo wa gari mkononi.

"Shikamoo mzee. Mama, twende."

"Marahaba," Mzee Bakari akamjibu. "Subiri, mwanangu. Mama yako anafikiri."

Nilifikiri. Jasho. Nikatoa kete moja iliwe, nikala mbili, nikafika mstari wa mwisho, nikaingia kingi. Tukaishia sare. Elia alikuwa ameshakaa. Hajawahi kuniona nikicheza.

Nyumbani nikamweleza ya jana. Yote. Bora anisikie mimi kuliko watu. Akainama. Kisha: "Arusha utacheza na nani?" Sina mtu, nikasema. Nikamwambia pia, siku nikishindwa kabisa aje anichukue. Sitabisha. Kulisema kuliniuma.

Jumapili, 9 Machi
Elia kaondoka peke yake. Gesi atawasha Nakijwa. Mimi nitamenya na kukatakata. Sokoni tutakwenda na kurudi pamoja. Sipendi. Nimekubali.

Kanisani nimekaa na kwaya ya akina mama, sauti ya pili. Wimbo mpya. Ubeti wa tatu ukanitoka wote. Nikafumba mdomo, nikamsikiliza aliye kando yangu. Nikaingia.